Oma ana kandili, mama ana dua, binti yangu anataka boga

Assalaam alaykum Somo,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Kikwajuni, Unguja. Huu ni mwaka wa kumi na mbili niko Ujerumani, katika mji mdogo karibu na Bonn. Mume wangu ni Mjerumani, alisilimu kabla hatujaoana, na mpaka leo sina la kumlaumu zaidi ya kuacha taulo mbichi juu ya kitanda. Tuna watoto wawili, binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka mitano.

Najua wako wanaokuandikia kwa kupigwa na kuachwa, na mimi nakuletea habari za kandili na maboga. Lakini Somo, imefika mahali usingizi haunijii.

Upande huu wa mto Rhine, tarehe 11 Novemba ni siku ya Sankt Martin, yaani Mtakatifu Martin. Misafara hufanywa siku hiyo au jioni za karibu yake. Giza likishaingia, watoto wa shule na wa chekechea hutoka na kandili za karatasi, mbele yao mtu kapanda farasi, kavaa joho jekundu na kofia ya askari wa Kirumi, na bendi inapiga tarumbeta. Wanaimba mpaka kwenye moto mkubwa, huigizwa namna Martin alivyolikata joho lake kwa upanga akampa nusu maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi, kisha kila mtoto hupewa Weckmann, mkate mtamu wenye umbo la mtu, macho ya zabibu kavu na kiko cha udongo. Baadaye hupita nyumba kwa nyumba wakiimba, wakapewa peremende. Wenyewe wa hapa wanaita Schnörzen.

Mavyaa wangu ana miaka 74, wanangu wanamwita Oma. Tangu binti yangu ana miaka miwili, kila mwaka msafara ukikaribia Oma huja na mkoba wa karatasi za shashi, gundi na waya, wakakaa kwenye meza ya jikoni siku mbili tatu wakitengeneza kandili. Samaki, mwezi, mwaka mmoja jogoo mwenye mkia wa rangi saba. Zote ameziweka darini kwake. Aliwahi kunihadithia kuwa wao utotoni walikuwa wakikomba mizizi mikubwa ya kulishia ng'ombe, wanaitoboa macho na meno, wanatia mshumaa ndani na kuiweka dirishani kwa jirani ili atishike.

Mwaka jana binti yangu alisema kandili ni za watoto wadogo. Yeye anataka Halloween kama wenziwe, ule usiku wa tarehe 31 Oktoba wa kuchonga maboga na kujigeuza wachawi. Nikamruhusu. Akavaa kofia ya mchawi, akajipaka damu ya bandia shingoni, akatoka na wenziwe na mama wa mmoja wao, wakibisha milango na kusema "Süßes oder Saures", yaani tupe tamu au tukutie uchachu. Alirudi saa mbili na nusu usiku, mfuko umejaa, macho yanameta. Sijapata kumwona na furaha ile. Mume wangu akampiga picha, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Mama yangu akaniletea ujumbe wa sauti wa dakika nne. "Mwanangu, sisi huku twawasomea watoto wakingwe na wachawi, wewe wamvisha mwanao uchawi kwa mikono yako mwenyewe?" Kisha akalia. Sikujua la kumjibu, nikamtumia picha ya mdogo anasoma juzuu.

Asubuhi yake ilikuwa tarehe 1 Novemba, siku ya Watakatifu Wote. Huku ni sikukuu ya ukimya. Oma siku hiyo huja kumchukua binti yangu kwenda kaburini kwa Opa, mumewe, kuwasha taa nyekundu. Mtoto alikuwa bado amelala. Alipotoka, ile damu ya bandia ilikuwa imeganda shingoni. Oma hakusema neno. Alitia mate kwenye leso yake, akamfuta, wakaenda. Wiki iliyofuata hakuja na karatasi za shashi, na mvulana wangu alikwenda msafarani na kandili ya dukani, ya betri, ukiibonyeza inaimba.

Sasa mwaka huu mama amepata viza. Atafika katikati ya Oktoba, akae miezi mitatu. Binti yangu ameshapanga na wenziwe wanne, na safari hii wanataka kutoka bila mzazi. Mume wangu anasema mwache mtoto acheze. Shoga yangu wa msikitini anasema yote mawili hayafai, la boga na la Martin, kwa kuwa Martin ni wa kanisa. Oma hajasema kitu, na huko kunyamaza kwake kunaniumiza kuliko maneno.

Na liko jengine naona haya kuliandika. Idi yetu huku ni sala katika ukumbi wa kukodi, pilau, simu ya video, imekwisha. Mimi Idi yangu ilikuwa siku nne. Tukitoka asubuhi na nguo mpya, nyumba kwa nyumba, "nipe sikukuu yangu!", mimi na binamu yangu tukibadilishana mitandio ili tupite nyumba moja mara mbili. Jioni Mnazi Mmoja, bembea, embe za pilipili, ubuyu, mpaka midomo inakuwa myekundu. Wanangu hawayajui haya. Najiuliza, nina haki gani ya kumnyima boga la watu na mimi sina cha kumpa?

Nimzuie? Nimwache? Au nimfiche mama? Nishauri.

Mama Wawili, karibu na Bonn

*

Waalaykum salaam, Mama Wawili.

Usiione haya barua yako. Wanaoniandikia kwa kuachwa wengi wao, ukiwapekua, utakuta ugomvi ulianza kwenye jambo la jikoni. Na mimi mambo ya jikoni ndiyo niyajuayo. Tena Köln nilikaa miaka sita, kwa hiyo Weckmann namjua, na kile kiko chake cha udongo nimekiokota chini ya makochi yangu mara nyingi kuliko sindano.

Ngoja nikurudishie barua yako kama nilivyoisoma mimi. Umeniuliza habari ya usiku mmoja, wa tarehe 31 Oktoba. Lakini usiku wenyewe umeuandikia aya moja tu. Zilizobaki ni Oma na karatasi zake, mama na kilio chake, kaburi la Opa, na Mnazi Mmoja. Kwa hiyo nitaliacha boga kwanza, nitalirudia.

Nianze na Oma, maana umeniambia amenyamaza, na wewe ukimya wake umeshaujazia maneno. Unaamini amechukia kwa sababu Halloween imeingia ikaitoa sikukuu yake. Huenda. Wajerumani wa rika lake wengi wanasema hivyo, kuwa ni kitu cha Kimarekani kilicholetwa na maduka, na hawasemi uongo mtupu. Halloween ilishika Ujerumani miaka ya 1990. Kanivali ya mwaka 1991 ilifutwa kwa ajili ya Vita vya Ghuba, wauza mavazi ya kujigeuza wakabaki na mzigo, na miaka michache baadaye wafanyabiashara wa mavazi na vitu vya kuchezea wakaitangaza Halloween kwa nguvu ili wapate msimu mwengine wa kuuza.

Lakini hebu rudi kwenye ule mstari uliouandika ukapita mbio. Mzizi wa kulishia ng'ombe, umetobolewa macho na meno, mshumaa ndani, dirishani kwa jirani ili atishike. Mwanangu, hiyo ni nini? Watu wa Ireland na Scotland nao walikuwa wakichonga mizizi ya namna hiyo hiyo usiku wa Halloween. Waliohamia Marekani katika karne ya 19 walikuta kule boga ni jepesi kuchonga, wakahamia kwenye boga. Oma wako alikuwa anatisha majirani miaka mingi kabla maduka ya Bonn hayajauza kofia ya mchawi hata moja. Sisemi kandili za Rhine na boga la Ireland ni ndugu wa tumbo moja, hilo wenye elimu yake wabishane wao. Nasema yule bibi aliyemfuta mtoto damu ya bandia utotoni mwake alikuwa mtundu, na mjukuu wake hajui.

Hata huo msafara wenye farasi na bendi haukushuka na Martin. Martin mwenyewe ni mtu wa karne ya 4, mtoto wa askari, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Hungary, akafa Ufaransa ya leo mwaka 397. Tarehe 11 Novemba ni siku aliyozikwa. Msafara wa kupangwa, watoto mistari miwili miwili na Martin juu ya farasi, umeenea miji ya Rhine kuelekea mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20. Kabla ya hapo watoto walikuwa wakirandaranda na taa zao na kelele, wakiomba vitu milangoni, mpaka walimu na wazee wa mji wakachoka, wakasema hebu tuwapange. Ule utaratibu mzuri Oma anaoulilia, kuna bibi kabla yake aliuona ni ugeni.

Usiende kumwambia hivyo, tafadhali. Mtu hapewi somo la historia kwenye jambo linalomuuma. Nakwambia wewe, ili usimwone amesimama upande wa mila ya kale na binti yako upande wa ugeni, wewe katikati. Mstari wenyewe hauko hapo.

Mimi, nikisoma, naona kilichomuuma Oma ni asubuhi ya pili. Yeye alikuja kwa ajili ya kaburi la mumewe, na mtoto akatokea na jeraha la mchezo shingoni. Fikiria asubuhi hiyo ya Novemba, ukungu, makaburi yote yamewashwa taa nyekundu, na mkononi umeshika mjukuu ananuka rangi ya kujipaka. Yawezekana mavyaa wako hana neno na peremende. Yawezekana analo. Hatujui, kwa kuwa hajaulizwa. Umejaribu kumuuliza, au na wewe umenyamaza ukingoja anyamazue yeye? Naona nyumba yenu ina wanyamavu wawili, na mume anayetupa picha kwenye kundi bila kuuliza. (Huyo na taulo lake, tutamrudia siku nyengine.)

Mama yako ni habari mbali kabisa. Usiwatie yeye na Oma kapu moja eti wote wazee hawapendi mambo mapya. Huko uliko, mchawi ni kofia ya dukani. Kwa mama yako mchawi ana jina, ana nyumba, na pengine ana kiti chake harusini. Alipoona mjukuu kavaa vile hakuona mchezo, aliona mtoto ametembezwa penye hatari bila kinga. Unaweza kumweleza kwa saa tatu kuwa huku ni utani, atakusikia, na usiku atasoma Falaq na Nas na kumpulizia mtoto. Mwache apulize. Na mtoto aambiwe kwa nini bibi yake anafanya vile.

Umeniuliza kama umfiche. Ufiche vipi, mwanangu, mtu atakayelala chumba kimoja na huyo mtoto? Na ukifanikiwa kuficha, aliyejifunza kuficha ni binti wa miaka tisa. Ila nafahamu kwa nini umefikiria. Mama ametoka Unguja mara moja katika miaka kumi na mbili, unataka akuone umelea. Hapo sina dawa. Najua tu kuwa mama zetu wakija ugenini hutazama mambo ambayo hatukuyaandaa. Utamwandalia msikiti na juzuu, yeye atakuja kukumbuka namna mtoto alivyompokea viatu mlangoni.

Ama la dini, shoga yako kasema lake, na wako wengi wanaosema kama yeye. Mwaka 2013 Ujerumani ilikuwa na kelele juu ya jambo hili hili, wengine wakitaka sikukuu ya Martin iitwe ya jua, mwezi na nyota ili wasio Wakristo wasijione wametengwa. Aiman Mazyek, aliyekuwa mwenyekiti wa Baraza Kuu la Waislamu wa huko, alisema haoni tatizo, kwani maisha ya Martin yana mfano hata kwa Waislamu. Wapo Waislamu wasiokubaliana naye. Mimi si mufti, na kwa hili mtu wa kumuuliza ni sheikh unayemwamini, wewe na mume wako pamoja. Ila muulize swali zima. Mueleze msafara una nini, Halloween ina nini, watoto wanafanya nini hasa. Ukimpelekea jina tu, atakujibu jina.

Sasa binti. Miongoni mwa wote hawa ndiye niliyemsikia kidogo kabisa. Najua anataka kutoka na wenziwe wanne bila mzazi. Kwangu hilo ndilo neno zito katika barua yako, kuliko uchawi wote. Miaka tisa, giza, barabara, milango ya watu, na hakuna mkubwa. Kumbuka na wewe ulikuwa hivyo hivyo. Ule mtandio wa kubadilishana na binamu yako, mama yako alikuwa wapi? Alikuwa nyumbani anapakua, hajui. Utamu wa sikukuu ya mtoto siku zote umekaa pale mkubwa asipoona. Ndiyo maana kandili imekuwa ya "watoto wadogo": msafarani kila mtoto ana mzazi ubavuni na mwalimu mbele. Mwulize anachokipenda katika ule usiku, kisha usimsaidie kujibu. Akisema peremende, ni jambo moja. Akisema ile damu, ni jengine. Akisema wenziwe, au giza, hapo una nafasi kubwa ya kujipangia.

Maana hata Schnörzen ni kubisha milango. Kama kinachomvuta ni kutembea usiku na kundi lake, huenda akakubali kutoka tarehe 11 na wenziwe, mdogo wake akiwa mkononi, yeye ndiye mkubwa wa msafara wao mdogo. Huenda pia akakucheka, akasema kuimba ni aibu. Ajue tu kwamba huko lazima aimbe ndipo apewe, hapewi kwa vitisho. Na usimpe Schnörzen kama hongo ya kuacha Halloween, atainusa kwa mbali.

Ukimzuia kabisa, una haki ya mzazi, na wako wazazi wa Kijerumani, Wakristo na wasio na dini, wanaozuia. Hatari yake ni kwamba sababu atakayoibeba ni "kwa kuwa mama ni Mzanzibari" au "kwa kuwa bibi amekuja", na hizo si sababu ungependa azikumbuke akiwa na miaka 20. Ukizuia, zuia kwa neno lako mwenyewe, usijifiche nyuma ya mgeni. Ukimwacha aende, mna mambo ya kuzungumza: saa ya kurudi, mitaa gani, nyumba za watu mnaowajua, mkubwa mmoja akiwa hatua hamsini nyuma hata wakimchukia, maana usiku ule vijana wakubwa hutoka na mayai na fataki. Na mavazi. Si lazima mtu ajigeuze mchawi, wenziwe wengine watakuwa popo, paka, mwanaanga. Lakini hapo napo usijidanganye: umpunguzie damu, umpunguzie saa, umwachie nusu furaha, na mama yako bado atalia. Suluhu ya nusu kwa nusu ilimfaa Martin kwa kuwa joho hukatika.

La asubuhi ya tarehe moja lina njia yake. Huyo mtoto, aende asiende, alale saa ngapi, aoge vipi, ili Oma akija amkute tayari? Hili binti anaweza kulipanga mwenyewe akiambiwa ukweli: "Oma alikufuta, akanyamaza. Unadhani alijisikiaje?" Na mama yako, kama yuko hapo, unaweza kumuuliza kama angependa kwenda nao. Sijui kama atakubali, makaburi ya Kikristo na taa zile. Lakini kuzuru wafu si jambo utakalomfundisha bibi wa Kikwajuni. Wajane wawili, au mjane mmoja na mke wa mtu, hukuniambia kama baba yako yu hai. Nisamehe kama nimegusa.

Nimefika kwenye lile uliloliona haya. Unasema huna cha kumpa.

Mimi ni mtoto wa Vikokotoni, nimemzidi umri mama yako. Tulikuwa tukishonewa nyumba nzima gora moja, unatuona kama kiwanda. Hela ya sikukuu tukiipeleka kwenye picha la Kihindi, Majestic au Empire, tunarudi tunaimba maneno tusiyoyajua maana. Bibi yangu alikuwa anakaa barazani anasema, "Idi imekufa, watoto wamekwenda kukaa gizani kutazama Wahindi wanalia." Kwake Idi ilikuwa ngoma na kutembelea jamaa. Kisha mimi nikaja kuwaona watoto wa rika lako Mnazi Mmoja, vitu vya plastiki na muziki wa spika, nikasema maneno yale yale ya bibi yangu, neno kwa neno, nikajisikia. Nina shangazi Muscat, huko usiku wa nusu ya Ramadhani watoto hupita milangoni wakiimba na kugonganisha makombe ya pwani, wanapewa peremende na karanga, wanaita Qaranqashoh. Naye husema siku hizi watoto wanapelekwa kwa gari, mlango wa mbele mpaka mlango wa mbele. Angemwona binti yako na mfuko wake angecheka sana.

Unacho cha kumpa, isipokuwa huna uwanja, huna binamu arubaini, na huna siku nne. Hayo ni kweli na yanauma, usijilazimishe kutoyaona. Ninalokuomba uangalie ni wivu. Sikutuhumu. Lakini nilisoma pale kwenye jogoo wa mkia wa rangi saba nikaona mkono wako ulikaa juu ya sentensi ile kidogo. Oma anakaa na mwanao siku mbili tatu kwenye meza yako ya jikoni, anamwachia kitu. Wewe uko pembeni unaosha vikombe. Je, ukiitafutia Idi yako mambo mapya sasa hivi, itakuwa kwa ajili ya watoto, au ili na wewe uwe na meza yako? Hata ikiwa kwa yote mawili, si kosa, ila ujue.

Na kalenda ina vituko vyake. Idi inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka. Maulidi ya mwaka 2020 yaliangukia tarehe 29 Oktoba, siku mbili kabla ya Halloween, na sidhani kama kuna aliyepata nafasi ya kuyatazama, kwa maradhi yale. Idi ya Mfungo Mosi itaingia Novemba mwaka 2036 na 2037, ya 2037 ikikaribiana sana na Martin. Mvulana wako atakuwa kijana mwenye ndevu, na binti pengine ana wake. Sijui watakuwa wanashika nini mkononi.

Wakati huo uko mbali, na mama yako anakuja mwezi ujao. Ana hadithi ya mtandio, au unadhani hajui. Oma ana hadithi ya mzizi wa ng'ombe. Wewe ndiye pekee nyumbani humo mwenye lugha zote mbili. Ungeweza kuwakalisha mezani ukafasiri, binti akiwepo, wala usiseme lolote la Halloween. Inaweza kuwa jioni nzuri. Inaweza pia kuwa jioni ndefu ya watu wanaotabasamiana wasielewane, chai inapoa. Mama yako anaweza kuuliza kwa nini walitisha jirani, na Oma akauliza kwa nini mlidanganya kwa mitandio, na hapo utakuwa na kazi.

Niandikie baada ya Novemba, hata kama hukufanya lolote katika haya.

Na boga, nilisema nitalirudia. Yale makubwa ya kuchonga ni maji matupu, usihangaike nayo. Nunua Hokkaido, lile dogo la rangi ya chungwa, halina haja ya kumenywa, ganda lake linaiva. Lipike kwa tui zito, iliki, sukari kidogo na chumvi ya kubana kidoleni. Mama yako akiona wanachonga jengine mezani atauliza kwanza litaliwa lini. Uwe na jibu jikoni.

Somo